Kampuni, Shamba na Sufuria: Kilimo cha Biashara Kikitazamwa kutoka Kibera na Kawangware

Historia ya kampuni katika kilimo cha Kenya imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa shamba. Msomaji hupelekwa Kericho kwenye majani ya chai, Thika kwenye mananasi na Naivasha kwenye maua, kisha hupewa hesabu ya ekari, tani na fedha za kigeni, huku mlaji, ambaye ndiye mwisho wa safari ya kila zao la chakula, akiachwa nje ya simulizi. Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya upande wa magharibi wa Nairobi ambayo wakazi wake wengi huishi kwa vibarua na biashara ndogondogo, haina shamba hata moja la kampuni, na pengine ndiyo maana haitajwi sana katika vitabu vya kilimo. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali nchini ambapo mikono ya kampuni imegusa chakula cha watu kwa muda mrefu zaidi, kwani uhusiano huo ulianza kabla ya mji wa Nairobi kuwepo. Hoja ya makala haya ni kwamba kampuni zilitawala chakula cha mitaa hii pale zilipokingwa na sheria iliyomzuia mtu mdogo kuuza, na kwamba kila mara kinga hiyo ilipoondolewa, mchuuzi wa mtaani alijitokeza kuwa mshindani mgumu kuliko walivyodhani wenye mitaji.

Mwanzo wa mambo ni Dagoretti, eneo ambalo Kawangware ni sehemu yake. Mwezi Septemba 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyofahamika kwa kifupi kama IBEA, ilipewa hati ya kifalme, yaani kibali cha Malkia kilichoiruhusu kampuni ya wenye hisa kutawala nchi, kutoza ushuru na kuweka askari kama vile serikali. Lengo lake kuu lilikuwa Uganda, lakini msafara wa mamia ya wapagazi uliotoka Mombasa ulihitaji kula njiani, na baada ya nyika ya Ukambani na nyanda za Wamaasai hapakuwa na mahali pengi pa kununua nafaka. Mashamba ya Wakikuyu wa kusini, yaliyopakana na msitu juu ya Bonde la Ufa, yalikuwa nafasi ya mwisho ya kujaza mizigo kabla ya kuteremka bondeni. Kwa sababu hiyo, mwezi Oktoba 1890 Frederick Lugard, nahodha wa jeshi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo, alijenga ngome Dagoretti baada ya kula yamini ya udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa eneo hilo, akakusudia iwe ghala la chakula cha misafara.

Ikumbukwe kwamba katika hatua hii kampuni haikuhitaji ardhi wala haikulima. Ilihitaji mahindi, maharagwe, mtama, viazi vitamu na ndizi, na ililipa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wakulima wa Kikuyu walikuwa na ziada na walijua kuiuza. Walikwisha kufanya biashara na Wamaasai na Wakamba kwa vizazi kadhaa, hivyo kampuni haikuwafundisha soko. Mgogoro ulizuka kwa sababu watu wa kampuni hawakulipa sikuzote. Wapagazi na askari walichota mazao shambani bila malipo, wenyeji wakajibu kwa silaha, na mwaka 1891 ngome ya Dagoretti ikaachwa na kuteketezwa. Kampuni ilijenga nyingine karibu na Kabete, iliyoitwa Fort Smith, na mwezi Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa huko na kupelekwa kuelekea pwani, akafariki Kibwezi kabla ya kufika. Wanahistoria wengi humtaja Waiyaki kama mhanga wa kwanza wa kupigania ardhi; ni sahihi zaidi kusema kwamba ugomvi uliomfikisha huko ulianzia kwenye chakula na malipo yake, na kwamba ardhi ilifuata baadaye.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopanda mbegu ya Kibera. Mwaka 1891 Lugard alisonga hadi karibu na Ziwa Albert, akawaajiri askari wa Kisudani waliobaki huko baada ya utawala wa gavana Emin Pasha kuvunjika, na wanajeshi hao pamoja na familia zao wakawa nguvu ya kampuni nchini Uganda. IBEA ilishindwa kibiashara, ikaachia madaraka, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya. Askari wale wakapokelewa na serikali, na tangu 1902 wakawa sehemu ya jeshi lililoitwa King's African Rifles. Wastaafu wao, ambao vizazi vyao hujulikana leo kama Wanubi, walianza kukaa kwenye pori la kusini-magharibi mwa Nairobi mnamo 1904, na eneo hilo la ekari 4,197 likapimwa na hatimaye kutangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa hifadhi ya kijeshi. Mitaa hii miwili, ambayo leo hutazamwa kama makazi yaliyozuka ovyo kutokana na uhamaji wa watu kutoka vijijini, kwa hakika ina asili moja ya zamani: mmoja ulikuwa soko la chakula la kampuni, na mwingine ukawa malipo ya uzeeni ya askari ambao kampuni hiyo iliwaajiri kwanza.

Malipo yenyewe yalikuwa na kasoro kubwa. Wanubi wa Kibera walilima, wakafuga na kujenga nyumba, lakini hawakupewa hati. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934, ikawahesabu kuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa, ingawa ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu kwao. Yafaa kulinganisha hali hiyo na jinsi ardhi ilivyogawiwa wenye mitaji katika miaka ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni iliyoitwa East Africa Syndicate iliahidiwa maili mraba 500 katika Bonde la Ufa, na Lord Delamere akapata ekari 100,000 huko Njoro. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikaruhusu walowezi, yaani wakulima wa Kizungu waliohamia nchini, kumiliki mashamba kwa mkataba wa miaka 999. Askari aliyeitumikia kampuni na kisha dola hakupata hata karatasi ya miaka kumi. Kutokana na upungufu huo, ekari 4,197 za Kibera zimemegwa hatua kwa hatua kwa ajili ya mitaa ya nyumba kama Jamhuri, Ngei, Fort Jesus na Ayany, mashamba yakatoweka, na hatimaye mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya pamoja, ardhi iliyoandikwa ilikuwa ekari 288.

Upande wa Kawangware ulizungukwa na zao jingine. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao wenzao walipanda kahawa Bura katika nchi ya Taita mwaka 1893, walifika Nairobi mwaka 1899 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Austin, umbali mfupi tu kutoka Kawangware ya leo. Kahawa yao ilistawi, mbegu zake zikauzwa kwa walowezi, na kwa muda mrefu aina mojawapo ya kahawa ya Kenya iliitwa kwa jina la misheni hiyo ya Kifaransa. Sehemu kubwa ya Lavington, mtaa wa matajiri unaopakana na Kawangware, ilikuwa shamba hilo la kahawa. Kwa Mkikuyu aliyekaa ng'ambo ya mpaka wa hifadhi ya Waafrika, kahawa ilikuwa kazi ya kuchuma tu, kwa sababu sheria ya usajili wa mashamba ya kahawa ya mwaka 1918 ilidai leseni na ada ambazo kwa utekelezaji wake ziliwafungia Waafrika nje. Wenye mashamba walitoa sababu za kitaalamu, kama vile hofu ya magonjwa ya mimea na ubora wa zao kushuka, lakini sababu iliyoeleweka na kila mtu ilikuwa kwamba mwenye kahawa yake hangekubali tena kuchuma ya mwingine kwa mshahara wa kipande. Meru na Kisii, mbali na mashamba ya Wazungu, Waafrika waliruhusiwa kwa majaribio katika miaka ya 1930. Wakikuyu wa karibu na Nairobi walisubiri hadi mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Haipaswi kudhaniwa kwamba ulinzi wa sheria ulitosha kumfanya kila mwenye kampuni afanikiwe. Karen Coffee Company, kampuni ya wenye hisa wa Denmark iliyosimamiwa na Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, ilikuwa na ardhi ya takriban ekari 6,000 na kahawa kwenye ekari 600, lakini mahali penyewe palikuwa juu mno na pakavu mno kwa zao hilo. Mwaka 1931 kampuni ilifilisika, shamba likauzwa na kukatwa viwanja vya makazi, na maskwota wake, yaani familia za Waafrika zilizoruhusiwa kulima vipande vidogo kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa kwa mwaka, wakapewa mahali katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Kufilisika huko kumesomwa duniani kote kama kisa cha huzuni cha mwanamke mmoja mwandishi, ingawa kwa Dagoretti maana yake ilikuwa nyingine kabisa: watu zaidi kwenye ardhi ileile.

Msongamano huo ndio ulioizaa Kawangware ya sasa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, ardhi ya Wakikuyu iliunganishwa, ikapimwa na kutolewa hati za watu binafsi, na mpaka wa jiji ulipopanuliwa wakati wa uhuru, Dagoretti iliingizwa Nairobi ikiwa bado kijiji cha mahindi na ng'ombe. Wenye hati waligundua upesi kwamba safu ya vyumba vya mabati hulipa kuliko safu za maharagwe. Hapo ndipo mitaa hii miwili inapotofautiana, kwa kuwa Kibera mwenye chumba hujenga juu ya ardhi ya umma na Kawangware hujenga juu ya ardhi yake mwenyewe. Kwa mpangaji tofauti hiyo ni ndogo, kwani wote wawili hawana mahali pa kulima na hununua kila wanachokula.

Anayenunua kila anachokula nchini Kenya hununua kwanza unga wa mahindi, na hapa simulizi inahitaji kutua kidogo. Mwaka 1908 Lord Delamere aliyetajwa hapo juu alianzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa Unga Limited, ambayo ingali hai hadi leo. Walowezi waliolima mahindi nyanda za juu walijiunga katika Kenya Farmers' Association, chama kilichojulikana kama KFA, ambacho kwa jina kilikuwa cha ushirika lakini kwa mwenendo kilifanya kazi kama kampuni kubwa ya ununuzi na uuzaji. Mahindi yao yalisafirishwa kwa reli kwa nauli nafuu iliyowekwa mahsusi kwa mazao ya kuuzwa nje, na mengine yaliuzwa ndani kuwa posho, yaani mgao wa unga aliopewa kibarua kama sehemu ya ujira wake. Hivyo walowezi wa mahindi na walowezi wa kahawa walitegemeana, mmoja akimlisha mfanyakazi wa mwenzake.

Vita vya Pili vya Dunia viligeuza mazoea hayo kuwa sheria. Mwaka 1942 serikali iliunda mamlaka ya kudhibiti mahindi, ikaifanya KFA wakala wake, ikamhakikishia mlowezi bei, na kumlipa Mwafrika kiasi cha chini kwa mahindi yaleyale baada ya makato mbalimbali. Udhibiti uliodaiwa kuwa wa vita ulidumu nusu karne. Baada ya uhuru ulirithiwa na bodi za serikali, ambazo mwaka 1979 ziliunganishwa kuwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na kanuni yake kuu ilibaki ileile: mtu binafsi hakuruhusiwa kuhamisha zaidi ya magunia machache ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na polisi kwenye vizuizi vya barabarani walihakikisha, au walikula rushwa kwa kutohakikisha.

Ni rahisi kuliona jambo hilo kama habari ya wakulima wa Trans Nzoia, lakini uzito wake mkubwa uliangukia sufuria ya mkazi wa Nairobi. Kulikuwa na njia mbili za kupata unga mjini. Ya kwanza ilikuwa pakiti ya kampuni, iliyosagwa kwenye mitambo mikubwa inayotoa kiini na pumba na kubakiza unga mweupe laini. Ya pili ilikuwa mashine ya posho, kinu kidogo cha nyundo za chuma kinachosaga punje nzima bila kuondoa kitu, na ambacho mteja hukiendea na mahindi yake mwenyewe au hununua mahindi papo hapo. Unga wa njia ya pili una gharama ndogo kwa sababu hakuna kinachotupwa, hakuna pakiti na hakuna matangazo. Lakini mahindi ya bodi yalikwenda kwa wasagaji wakubwa waliosajiliwa, na kwa kuwa wafanyabiashara hawakuweza kuingiza mahindi jijini kwa uhuru, vinu vya Makina huko Kibera au vya Kawangware vilikosa cha kusaga. Serikali ilitoa ruzuku kwa unga uliokobolewa ili kuwasaidia maskini, huku kanuni zake za usafiri zikiwanyima maskini haohao unga ambao ungekuwa rahisi hata bila ruzuku. Wataalamu wa uchumi kwa miaka mingi waliamini kwamba watu wa mjini wanapenda unga mweupe na hawatakubali mwingine. Imani hiyo haikuwahi kupimwa, kwa kuwa huo mwingine haukuwepo.

Kipimo kilikuja mwishoni mwa mwaka 1993, serikali ilipoondoa vizuizi vya usafirishaji kwa shinikizo la wafadhili na kuacha ruzuku ya unga. Ilitarajiwa kwamba maskini wa Nairobi wataumia. Badala yake, malori yalianza kushusha mahindi ya magharibi mwa Kenya na ya Uganda katika soko la nafaka la Nyamakima, mashine za posho zikaongezeka katika vichochoro vya mitaa ya kipato cha chini, na utafiti uliofanywa jijini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kadiri kaya ilivyokuwa maskini ndivyo ilivyohamia kwa wingi zaidi kwenye unga wa posho. Kampuni zilibaki na wateja wake wa kipato cha juu na zile siku ambazo mtu wa kipato cha chini ana mgeni. Mitaji na mitambo ya kampuni haikuwa imepungua. Kilichopungua ni ulinzi.

Kwa haki ya pande zote, isisemwe kwamba kinu kidogo ni mwokozi. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya, iliua watu 125 katika nchi ya Ukambani, na mwenye mashine ya posho hana chombo cha kupimia sumu hiyo. Ila mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa pakiti kwa sababu ileile, jambo lililoonyesha kwamba pakiti peke yake si dhamana. Aidha, mazoea ya kuwasaidia maskini kupitia kampuni hayajafa: mwezi Mei 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilipunguza bei ya pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90 kwa kuwauzia wasagaji waliosajiliwa mahindi kwa bei ya chini, mengine yakitoka Mexico, na mwezi Julai 2022, tena kabla ya uchaguzi, bei ikashushwa hadi shilingi 100. Mara zote mbili pakiti zilikuwa adimu madukani, na mashine ya posho haikuhesabiwa kuwa njia ya kumfikia mlaji.

Maziwa yalifuata mkondo huohuo, kwa hiyo hayahitaji kusimuliwa kwa urefu. Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, iliundwa na walowezi mwaka 1925, sheria ya maziwa ya mwaka 1958 ikaipa soko la miji, na uuzaji wa maziwa mabichi mjini ukawa kosa. Kizazi kizima kilikua na pakiti yake ya pembetatu na maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa shuleni tangu 1979. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, KCC iliyolemewa na madeni haikuhimili, na ilibidi serikali iirejeshe mikononi mwake mwaka 2003. Kampuni binafsi zilichukua nafasi, kubwa kuliko zote ikiwa Brookside, iliyoanzishwa mwaka 1993 na ambayo asilimia 40 ya hisa zake zilinunuliwa na Danone ya Ufaransa mwaka 2014. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini haijapita kiwandani. Kawangware iko karibu na ng'ombe wa Dagoretti, Kikuyu na Limuru, na mchuuzi wa pikipiki huwahi kufika kabla ya lori la kampuni; wasindikaji walijaribu kumwondoa kwa hoja ya afya, lakini tangu 2004 Bodi ya Maziwa ilielekea kumfundisha na kumpa leseni. Mashine zinazopima maziwa kwa kiasi cha shilingi alizonazo mteja, ambazo watu huziita ATM za maziwa, zimeukamilisha ushindi huo, kwa kuwa zinauza kwa utaratibu wa kadogo, yaani kwa vipimo vidogo vinavyolingana na kipato cha siku.

Kadogo ndilo somo ambalo kampuni nyingine ililijifunza mapema. Mafuta ya kupikia yaliwahi kutawaliwa na East Africa Industries, tanzu ya Unilever, ambayo mkebe wake wa Kimbo ulikuwa alama ya nyumba yenye uwezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina hilo lilinunuliwa na Bidco ya Thika. Mwenye kioski wa Kibera hupima mafuta kwa kikombe, na mkaanga chapati haulizi yametoka wapi. Mengi hutoka kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia na Indonesia, na Bidco ilipotaka kulisogeza zao lenyewe Afrika Mashariki, ilikwenda Kalangala, wilaya ya visiwa vya Ziwa Viktoria nchini Uganda, ambako tangu miaka ya 2000 msitu ulikatwa kupisha mashamba ya michikichi ya ubia wake na kampuni ya Wilmar. Mlaji wa kadogo yumo katika historia ya msitu huo bila kuujua.

Kuna uhusiano mwingine unaopita kwa watu wenyewe badala ya vyakula. Kawangware, hasa karibu na vituo vya 46 na 56 vilivyopewa jina kutokana na namba za njia za mabasi, ina wakazi wengi kutoka kaunti za magharibi, na Kibera hali kadhalika. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilisajiliwa mwaka 1971 na kuanza kusaga mwaka 1973 chini ya usimamizi wa Booker McConnell ya Uingereza, ikitegemea wakulima wa mkataba, yaani wenye vishamba waliokubali kulima miwa kwa mkopo wa mbegu, mbolea na kulimiwa kwa trekta, kisha wakakatwa gharama zote siku ya malipo. Muwa hukaa shambani miezi kumi na minane au zaidi, na katika muda huo ekari hiyo haitoi mahindi. Haitakuwa sahihi kudai kwamba kampuni ya sukari ndiyo iliyowaleta watu Nairobi, kwa kuwa uhamaji kutoka magharibi ulitangulia kwa miongo mingi. Lakini mkataba uliogeuza shamba la chakula kuwa shamba la kiwanda uliwafanya walio kijijini wanunue unga kama walio mjini, na kiwanda kilipolemewa na madeni na kuwekwa chini ya mrasimu mwezi Septemba 2019, malipo ya miwa ya wengi yalikuwa hayajatoka.

Katika muda wote huo, kulima ndani ya jiji kulihesabiwa kuwa uchafu. Kanuni za manispaa zilizorithiwa kutoka ukoloni ziliruhusu askari wa jiji kufyeka mahindi kando ya reli na mito, ingawa Taasisi ya Mazingira ilionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1985 jinsi wakazi wengi wa miji ya Kenya walivyolima. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipokata njia za chakula, na vijana wa Kibera wakang'oa reli iliyopita mtaani mwao, mashirika ya misaada yalieneza bustani za magunia, ambamo gunia la udongo hutobolewa matundu ubavuni na kuoteshwa sukuma wiki. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 hatimaye ilikitambua kilimo cha mjini. Gunia halilishi familia na haliitishi kampuni yoyote. Hupunguza tu safari za kwenda kwa mama mboga.

Mama mboga, mwanamke auzaye mboga na matunda mezani kando ya njia, ndiye aliyekuwa mlengwa wa jaribio la karibuni zaidi. Twiga Foods ilianzishwa Nairobi mwaka 2014 kwa wazo linalovutia: madalali kati ya shamba na mtaa ni wengi, kila mmoja huongeza bei, na mazao mengi huoza njiani, basi kampuni inunue ndizi moja kwa moja kwa mkulima, ipokee maagizo kwa simu, na imfikishie mchuuzi mezani pake bila yeye kudamkia soko la Marikiti. Wawekezaji wa ng'ambo waliitikia, wakiwemo Goldman Sachs mwaka 2019, na mwaka 2021 kampuni ikakusanya dola milioni 50 za Marekani. Mwaka 2022 ilichukua hatua ambayo IBEA haikuwahi kuifikiria Dagoretti: iliamua kulima yenyewe, ikatangaza mashamba yake ya matunda na mboga ili isitegemee tena wakulima wadogo. Mwezi Agosti 2023 iliwaachisha kazi wafanyakazi 283, na mwaka uliofuata mkuu wake, mmoja wa waanzilishi, akaondoka.

Waliochambua anguko hilo walizungumzia riba, gharama za magari na ukame wa mitaji duniani, na yote hayo yana ukweli. Lakini hawakumwangalia vya kutosha mama mboga mwenyewe. Dalali ambaye kampuni ilikusudia kumwondoa ndiye anayemkopesha mzigo asubuhi na kumngoja hadi jioni. Naye mama mboga humkopesha jirani yake, hukata sukuma wiki nyembamba kwa ajili ya mteja anayerudi kibaruani usiku, na hugawa nyanya za shilingi kumi. Kazi hizo hazionekani katika hesabu ya mnyororo wa chakula, kwa hiyo zilidhaniwa kuwa hasara. Hakuna sheria iliyoilinda Twiga dhidi ya Marikiti jinsi KFA ilivyolindwa dhidi ya mkulima wa Kiafrika, na bila ulinzi huo ililazimika kushindana na biashara inayoendeshwa kwa mkopo wa kuaminiana.

Kumbukumbu za KFA, KCC na Bodi ya Nafaka zimetunzwa na zimesomwa mara nyingi. Za upande wa pili zimo vichwani mwa waliosaga, waliouza maziwa kwa kujificha na waliopitisha magunia mbele ya vizuizi kabla ya 1993, ambao baadhi yao bado wanaishi Makina, Lindi, Riruta na Kawangware. Idara za historia za vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta, ambazo wanafunzi wake hupita mitaa hii kila siku kwa matatu, zinapaswa kuwatuma kuyaandika maelezo hayo wakati wenyewe wangali hai.